Nyumba Kumi na Moja Chini ya Ufunguo

Watu wote walimwita Rula, na ukiwauliza jina alilopewa na wazazi wake watakukodolea macho. Alipata jina hilo kwa sababu alitembea na rula ya chuma kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, miaka nenda miaka rudi, msibani na harusini, ikiwemo harusi yake mwenyewe. Akikaa kitini alikaa upande kama mtu mwenye jipu, na mkewe alikuwa akisema ameolewa na mume mmoja na chuma kimoja. Ukimpa kadi ya mwaliko, kabla hajasoma nani anaoa, anaipima pembeni kwanza aone kama maandishi yamekaa katikati. Usimcheke. Mtu na kazi yake.

Kazi yake ilikuwa kuchora na kupanga kurasa. Alianza ujanani kwa kuchora ramani kwenye kuta za shule. Anaitwa, anapewa ngazi, ndoo mbili tatu za rangi na chaki, na baada ya siku nne ukuta wa darasa umekuwa dunia nzima, bahari zake bluu, nyanda zake kijani. Baadaye akaajiriwa na kiwanda kidogo cha uchapaji chenye vyumba viwili, kimoja cha mashine na kimoja chake, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kompyuta zilipoingia wenzake wengi walikimbia. Yeye alijifunza kwa hasira, akiitukana mashine kila asubuhi mpaka wakazoeana.

Na alikuwa hodari. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo wanaomtetea mpaka leo, eti maskini, alifanya asichokijua. Hapana bwana. Asiyejua kazi asingeweza kufanya kosa lile, angefanya jingine la kijinga likaonekana mara moja. Kosa la Rula lilipendeza macho, na ndiyo maana lilipita.

Alikuwa na dada mmoja tu, aliyemzidi miaka tisa. Mama yao alipofariki Rula alikuwa darasa la pili, na dada ndiye aliyempikia, akamfulia na kumchapa, kila jambo kwa wakati wake. Dada aliolewa huko bondeni, mwendo wa saa moja na nusu kwa baiskeli kutoka mjini, mahali penye nyumba kumi na moja na kijito kilichopita karibu na milango. Mumewe alipokufa watu walimshauri ahame, akawauliza ahamie wapi na kitalu chake amwachie nani. Alikuwa anaotesha miche. Miparachichi, michungwa na mikorosho, kwenye vifuko vyeusi vilivyopangwa safu kwa safu, akiinyweshea asubuhi na jioni kwa maji ya kijito na kopo alilolitoboa mwenyewe kwa msumari. Watu walitoka mbali kufuata miche ile kwa sababu ilikuwa haifi.

Rula alikuwa akienda huko mwisho wa wiki na kulala chumba cha nyuma. Asubuhi dada angemkuta kitaluni amechuchumaa, ananyoosha safu za vifuko kwa rula, na angemwambia kwamba miche haisomi gazeti. Walicheka sana wawili wale. Wakikaa pamoja hukujua nani mkubwa.

Sasa, nyuma ya kilima kinacholifunga bonde lile iligunduliwa shaba, na kampuni ikaja kutaka kufungua mgodi. Sheria iliitaka kampuni ionyeshe mipango yake mbele ya wananchi kwanza, watu waulize, wakubali au wakatae. Basi kampuni ikamtuma afisa mahusiano wake kwenye kiwanda cha uchapaji. Alikuwa kijana mtanashati, mpole, mwenye kunukia vizuri, na kwa kweli sikuwahi kusikia mtu akisema alikuwa mbaya. Alitaka bango moja la turubai, mita tatu kwa mbili, lenye ramani itakayoeleweka na mtu yeyote, hata asiyejua kusoma. Akamwambia Rula kwamba mji mzima umemtaja yeye, kwamba ramani za shule zote alizopita ni mkono wake. Rula akavishwa kilemba cha ukoka, na kilemba kikamkaa.

Alifanya kazi ile kwa siku kumi na mbili. Katika mchoro wa kwanza, pale kampuni ilipopanga kumwaga tope linalobaki baada ya shaba kusafishwa, yeye aliweka rangi ya udongo iliyoiva, nyekundu ya kahawia, na juu yake akaandika "Bwawa la tope." Afisa mahusiano aliitazama muda mrefu, kisha akasema taratibu kwamba rangi ile inatisha. Rula akajibu kwamba tope ni tope. Yule kijana hakubisha. Aliuliza tu kama ndani ya tope lile hamna maji. Rula akakiri kuwa yamo.

"Na maji kwenye ramani huchorwa kwa rangi gani, mzee wangu?"

Hapo ndipo alipokamatwa, na alikamatwa kwa kazi yake mwenyewe. Miaka ishirini alikuwa akiwafundisha watoto wa watu kwamba bluu ni maji. Akaligeuza bwawa likawa bluu. Na likishakuwa bluu, neno "tope" juu yake likaonekana kama limekosewa, kwa hiyo likaandikwa "Hifadhi ya maji." Na hifadhi ya maji ikiwa tupu pembeni haipendezi, kwa hiyo ikazungushiwa miti ya kijani, msitu mzima uliopandwa mchana mmoja kwa kubonyeza kitufe. Kila badiliko lilikuwa dogo na kila moja lilikuwa na sababu yake. Hakuna siku aliyoamka akasema leo nakwenda kudanganya watu.

Kisha likaja suala la ufunguo. Uliyesoma jiografia shuleni unaukumbuka, kile kisanduku pembeni mwa ramani kinachokueleza kwamba alama hii ni shule, hii ni reli, hii ni kisima. Mwanzoni ufunguo wa Rula ulikuwa na alama tano. Kampuni ikaongeza zahanati mpya, na barabara mpya, na shule mpya, na taa za barabarani, na uwanja wa mpira, zikafika alama kumi na nne, na kisanduku kikavimba. Kiwekwe wapi sasa? Juu kulikuwa na kichwa cha habari. Kulia mgodi, kushoto mji. Kilichobaki ni pembe ya chini, kushoto, ambako kulikuwa na mstari mwembamba wa kijito na nukta nyeusi kumi na moja.

Kanuni ya kazi inasema ufunguo huwekwa pasipo na kitu. Rula alizitazama nukta zile, akazihesabu kuanzia juu, na nukta ya tano ilikuwa nyumba ya dada yake. Alijua. Aliwahi kulisimulia jambo hili kwa kinywa chake, na hakujifichaficha. Alimwita afisa mahusiano aliyekuwa amekaa nyuma yake akisubiri, yule kijana akainama kwenye kioo cha kompyuta akasema hapo mbona pana nafasi.

"Hapo pana watu," Rula akasema.

"Wamo kwenye ripoti, mzee. Ripoti ina kurasa mia nne. Hili ni bango tu."

Rula aliyameza maneno hayo kama mgonjwa anavyomeza dawa, bila kuuliza imetengenezwa na nini. Bango tu. Akakivuta kisanduku akakiweka pale, cheupe, chenye fremu nyembamba na kivuli kidogo kwa chini ili kionekane kimeinuka. Kikafunika nyumba zote kumi na moja na mwisho wa kijito. Na Mungu amsamehe, kilipendeza. Ramani nzima ikatulia. Alirudi nyuma hatua tatu, akaitazama, akafurahi.

Alichukua nakala ndogo nyumbani kumwonyesha mkewe, kama alivyozoea. Mkewe akasifu, kisha akauliza kwa wifi yake ni wapi. Rula akamwambia ni huku chini, hapaonekani vizuri. Mkewe akaiweka ile karatasi mezani.

Alimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba basi amweleze dada yake kabla ya siku ya kikao, asije akaaibika mbele za watu. Rula akasema atamweleza. Zilibaki siku sita, na Jumapili moja ilikuwa katikati, na baiskeli ilikuwa nzima. Hakwenda. Alijipa shughuli za kupanga kalenda za mwaka ujao, ambazo hakuna aliyekuwa ameziulizia.

Kikao kilifanyika kwenye ukumbi wa shule, viti vya plastiki, madirisha wazi kwa joto. Bango lilitundikwa mbele, na watu walipoingia walilisogelea kwa mshangao, wakalinyooshea vidole, wakaitana. Rula alikaa mstari wa tatu akisikia sifa zikipita juu ya kichwa chake, akajifanya anafuta miwani.

Alikuwepo pia mwalimu wa jiografia, mtu mwembamba mwenye kelele, aliyekuwa ameusoma ule mzigo wa kurasa mia nne wote. Alikuja na karatasi zake za kugawa. Alieleza humo kila kitu: tope lina nini, litakaa miaka mingapi, mvua kubwa ikija litamwagikia upande gani. Yote kweli tupu. Lakini karatasi zilikuwa zimetolewa nakala ya nakala ya nakala, maandishi madogo kama sisimizi, mengine yamekatwa pembeni. Na unajua Rula alifanya nini alipopewa yake? Aliipima pambizo. Akamwegemea jirani yake akasema kwamba mtu hawezi kuheshimiwa kwa karatasi chafu kiasi hiki. Ukweli uliingia ukumbini na nguo za kulalia, na uongo ulikuwa umepigwa pasi, naye fundi wa pasi akawa wa kwanza kucheka.

Mjadala ukaenda kule bango lilikotaka uende. Watu waliuliza kama kwenye lile ziwa watawekwa samaki. Waliuliza kama wataruhusiwa kuogelea, na mama mmoja akataka pawekwe uzio kwa ajili ya watoto. Wakabishana karibu nusu saa kuhusu uwanja wa mpira, ukae upande huu au ule. Mwalimu alisimama mara mbili kusema habari ya tope, na mara zote mbili mwenyekiti wa kikao, mtu mzima wa heshima zake, alimwomba aonyeshe kwenye ramani tope liko wapi. Mwalimu alionyesha bluu. Watu wakaguna.

Ndipo dada yake Rula aliposimama. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri, ile ya kutokea, na viatu vilivyofutwa vumbi mlangoni. Alisalimia. Akasema yeye anatoka bondeni, wako kaya kumi na moja, wanakunywa na kumwagilia kwa maji ya kijito kinachoshuka kutoka kilima kile kile, na hajasikia wakitajwa. Aliongea vizuri, bila ukali. Mwenyekiti akamwambia asante mama, hebu njoo utuonyeshe.

Akaenda mbele. Aliweka kidole kilimani akakishusha kwa kufuata mstari wa kijito, polepole, kama mtu anayemshika mtoto mkono kumvusha barabara. Kidole kikashuka, kikapinda pale kijito kinapopinda, kikafika kwenye kisanduku cheupe. Kikasimama. Dada akakisogeza kushoto, akakisogeza kulia. Akainama kutazama chini ya fremu, kama vile nyumba yake imeangukia sakafuni. Mwisho akakirudisha kidole ndani ya kisanduku, kwenye alama ya shule mpya, na akasema, lakini sasa kwa sauti ndogo, kwamba ni hapa.

Mtu mmoja kutoka nyuma akasema, "Mama anakaa ndani ya ufunguo."

Ukumbi ukacheka. Hawakuwa watu wabaya, walikuwa wamechoka na joto, na neno lilikuja kwa wakati wake. Mwenyekiti mwenyewe alitabasamu. Dada aligeuka, kidole bado kwenye turubai, akautazama umati mstari kwa mstari mpaka akamwona mdogo wake. Alijua nani aliyechora. Rula alikuwa amejisifu kwake mwisho wa wiki, kabla hajafikia suala la ufunguo. Alimtazama, akasubiri.

Rula aliinama akafunga kamba ya kiatu. Kiatu kilikuwa kimefungwa.

Mwenyekiti, kwa upole wake, akamwambia mama kama hawamo kwenye ramani basi hawatafikiwa na mgodi, na hilo ni jambo la kushukuru. Dada akarudi kwenye kiti chake, akakaa na mikono mapajani mpaka mwisho. Jioni hiyo kikao kikakubali mgodi, kwa masharti mazuri kabisa: maji ya bomba, upimaji wa maji kila mwezi, na fidia likitokea lolote, kwa "kaya zote zilizoonyeshwa katika ramani." Ndivyo ilivyoandikwa. Katibu hakufungua zile kurasa mia nne, na kwa nini azifungue, bango lilikuwa mbele ya macho yake.

Mvua ya tatu baada ya mgodi kufunguliwa ilikuwa kubwa, na bwawa likavuja. Kijito kikageuka rangi ya chai ya maziwa, na kikabaki hivyo. Miche ya dada ilianza kukauka ncha za majani, kisha jani zima, kisha shina, safu ya kwanza ikafuatwa na ya pili. Alibadilisha udongo. Akachuja maji kwa kitambaa. Akaacha nusu ya kitalu ili aokoe nusu, na ile nusu nayo ikafa. Wakazi wa bondeni waliandika barua, na jibu lilirudi limeambatanishwa na ramani, nakala safi ya rangi, likiwaeleza kwa adabu kwamba hawamo katika eneo linalohusika. Wakaandika tena. Ikarudi ramani ile ile.

Walihama mmoja mmoja. Dada aliondoka wa nne, akaenda kukaa kwa binti yake kwenye chumba na sebule, ghorofa ya pili, mahali pasipo na udongo hata wa kujaza kijiko. Rula alimtembelea mara chache, na hakukaa sana. Kinachouma ni kwamba dada hakumgombeza. Alimkaribisha, akamwekea chai, akauliza habari za wifi yake. Ila aliacha kumwita mdogo wangu. Alimwita mgeni. "Karibu mgeni," "Chai yako hiyo, mgeni." Rula angependa zaidi kutukanwa. Mtu akikutukana unapata pa kujitetea.

Na mjini huku sifa zilizidi. Bango lile lilisifiwa, kampuni nyingine zikaja, nakala yake ikawekwa kwenye fremu pale mapokezi ya mgodi. Rula alipata kazi nyingi kuliko alivyowahi kupata, na alizifanya vizuri, na kila alipofika kwenye suala la ufunguo mikono yake ilikuwa mizito. Mkewe alimwambia aende kwa dada yake akaseme alilonalo moyoni. Akasema ataenda. Nyinyi mnaomjua mtu wa namna hii, na labda mmoja wenu ndiye yeye, mnajua siku hiyo huwa haifiki yenyewe.

Ilifika kwa mlango mwingine. Mwaka wa nane kampuni ilitaka kupanua mgodi, na kikao kikaitishwa upya. Mwalimu wa jiografia, mvi zimemjaa sasa, alikuja kiwandani akavuta kiti bila kukaribishwa. Alisema safari hii hatagawa karatasi chafu. Anataka bango, na anataka lichorwe na mkono ule ule uliochora la kwanza. Rula akamuuliza kwa nini yeye, hali wachoraji wamejaa. Mwalimu akajibu kwamba wachoraji wamejaa kweli, ila hakuna mwingine anayejua kilichofunikwa.

Rula alikwenda bondeni kwa baiskeli, pumzi zikimkata njiani, kwa maana hakuwa kijana tena. Alipima kwa hatua. Nyumba saba zilikuwa zimebaki kuta, tatu misingi, moja ilikuwa na mlango bado, umefungwa kwa waya. Akazichora zote kumi na moja kama zilivyokuwa wakati watu wakiishi. Bwawa akalipa rangi yake ya udongo ulioiva na akaliandika tope. Ufunguo aliuchapa kwenye turubai la pembeni, peke yake, usifunike hata jiwe. Halafu akakunja nakala, akaitia kwapani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya pili kwa dada yake.

Dada aliitandika ramani juu ya meza, akavaa miwani ya binti yake. Alisema mlango wake ulielekea kijitoni, si kilimani, na Rula akatoa kalamu akasahihisha pale pale. Alisema kati ya nyumba ya sita na ya saba palikuwa na njia. Rula akaichora. Kwa dakika chache walikuwa kama zamani, vichwa viwili juu ya karatasi moja, na Rula akajipa moyo kwamba mambo yamekwisha. Akamwomba waende wote kwenye kikao. Akamwambia safari hii akisimama kuonyesha nyumba yake, nyumba itakuwepo.

Dada akavua miwani.

"Mimi nilishaonyesha, mdogo wangu," akasema. "Nilisimama pale mbele nikakungoja uinuke. Sikukutaja jina kwa sababu nilijua utainuka mwenyewe. Ramani sikuihitaji. Wewe ulikuwa ukilala ndani ya nyumba ile. Ungesema hivyo tu ingetosha."

Dada akaikunja ramani vizuri, pembe kwa pembe, akamrudishia. Akamwambia imependeza, aende nayo salama, na amsalimie wifi yake. Kikaoni dada hakwenda.

Ukumbi ulikuwa ule ule, umepakwa rangi mpya. Bango la kampuni lilitundikwa kulia, la kijana mwingine, zuri kupindukia, na la mwalimu kushoto. Watu walisogelea yote mawili, na sasa walibishana kuhusu rangi. Mbona huku bluu na huku nyekundu? Nani anasema kweli? Hapo mwalimu akapata kusikilizwa, kwa mara ya kwanza, karibu saa nzima. Waliuliza tope lina nini, waliuliza mvua ikija. Afisa mahusiano alijibu maswali ambayo miaka minane nyuma hakuna aliyeyafikiria, na alijibu huku akifuta jasho.

Kisha mwenyekiti, ambaye alikuwa mwingine, mama mmoja mkavu asiyependa porojo, akapekua karatasi zake. Akasema hapa kwenye bango la mwalimu anaona nyumba kumi na moja chini ya bwawa. Kwenye orodha ya kaya hazimo, kwenye ramani ya zamani hazimo. Ni nyumba za nani, na nani anathibitisha kwamba zilikuwepo?

Waliokuwa wakiishi bondeni walikuwa wametawanyika, wengine mbali, wawili wamekwisha kufa. Mwalimu aligeuka akamtazama Rula.

Rula aliinuka. Akashika mgongo wa kiti cha mbele, akatoka kwenye mstari, akaenda mpaka kwenye bango. Akaweka kidole kwenye nyumba ya tano.

"Hii ni nyumba ya dada yangu," alisema. "Nimelala humo mara nyingi. Ramani ya kwanza niliichora mimi. Nyumba hizi zote zilikuwepo, nikazifunika kwa ufunguo, na nilijua. Dada yangu aliposimama hapa kuwaonyesha mkacheka, nilikuwa nimekaa pale, mstari wa tatu. Nikanyamaza."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti aliandika, akauliza kama mwenye nyumba yupo ukumbini. Rula akasema hayupo, alikuja mara ya kwanza. Mwenyekiti akaandika na hilo, akamshukuru, akamwambia anaweza kukaa.

Alirudi kwenye kiti chake. Saa ya ukutani ilikuwa juu ya mlango, na kwa mazoea ya mtu wa vipimo alikuwa ameitazama wakati anainuka, akaitazama tena alipokaa. Haikuwa imetimia dakika moja. Miaka minane, kijito, kitalu, dada yake kwenye ghorofa ya pili, na jambo lenyewe lilikuwa la chini ya dakika moja. Alifunika uso kwa mikono akalia mbele za watu, kwa sauti, na wala hakuona haya. Mwenyekiti alisubiri kidogo, kisha akaita jina la msemaji anayefuata.